Mwana Kupona binti Mshamu: Mama Aliyeacha Wasia wa Kusomwa kwa Sauti

Mtu akitakiwa kuandika maisha ya mtu mashuhuri, fikira zake huelekea upesi kwa wafalme, majemadari na masheikh wenye vilemba vikubwa. Nami sikatai kwamba hao wana haki yao. Lakini safari hii napenda kusimulia habari za mama mmoja wa Kiislamu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambaye hakutawala mji, hakuongoza jeshi wala hakupanda juu ya mimbari. Alikuwa mjane, tena mgonjwa, na alichokiacha nyuma yake ni beti mia moja na chache tu alizomtungia binti yake. Imekwisha kupita zaidi ya miaka mia moja na hamsini tangu afariki. Walakini jina lake linajulikana leo kuliko majina ya wengi katika majemadari waliopigana karibu na nyumba yake.

Sababu iliyonifanya nimkumbuke ni jambo lililonipata huko Mtinko, katika Mkoa wa Singida, nalo nitalieleza mahali pake.

Kaskazini ya mji wa Lamu kipo kisiwa cha Pate. Miji yake mikubwa ya zamani ni mitatu, yaani Pate, Siyu na Faza. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa hicho mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa katika mji wa Siyu. Asidhani mtu kwamba Siyu ulikuwa kijiji cha wavuvi tu. Ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni. Ngozi za Siyu zilisifiwa pwani nzima kwa viatu na mikanda. Wahunzi wake walifua panga na majambia. Na waandishi wake walinakili misahafu ya Kurani Tukufu kwa mkono, wakaipamba kwa rangi, na baadhi ya misahafu hiyo imehifadhiwa hata sasa. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo alisikia sauti ya kusoma kabla hajajua kutembea.

Mume wake alikuwa Sheikh Mataka bin Mubaraka, wa watu wa Famau, mtawala wa Siyu, ambaye watu walizoea kumwita Bwana Mataka. Huyu alikuwa mtu mgumu. Wakati huo Sayyid Said bin Sultan, mfalme wa Oman na Unguja, alikuwa akiiingiza miji ya pwani katika mamlaka yake mmoja baada ya mwingine. Mombasa yenyewe, pamoja na Ngome yake na Mazrui wake, ilianguka mikononi mwake mwaka 1837. Siyu haukukubali. Katika miaka ya 1840 mfalme akapeleka jeshi na mizinga kisiwani Pate, na jemadari wake Hamad bin Ahmad akauawa katika vita hivyo, na jeshi likarudi bila ya kupata lililotakiwa. Hivyo mji mdogo wa mafundi wa ngozi ukamshinda mtu ambaye merikebu zake zilifika hata Marekani. Habari hizi za vita ni ndefu, na wenye kuzipenda watazipata katika vitabu vya historia. Kwa upande wangu zinanitosha kwa jambo moja: zinaonyesha kwamba Mwana Kupona hakuishi maisha ya raha ya ndani ya pazia asiyojua ulimwengu. Alikuwa mke wa mtu aliyewindwa. Alizaa na kulea katika mji ambao wakati wowote ungeweza kusikia mizinga.

Alikuwa mke wa mwisho wa Bwana Mataka, na Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto wawili. Mmoja ni binti, jina lake Mwana Hashima. Mnamo mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki dunia. Mwaka huohuo Sayyid Said naye akafariki, akiwa baharini katika safari ya kurudi Unguja. Wapinzani wawili walikwenda kwa Mola wao katika mwaka mmoja, wala hakuna aliyechukua mji wala merikebu.

Mwana Kupona akabaki na watoto. Kisha akaanza kuugua, na ugonjwa ukakaa mwilini mwake muda mrefu pasipo matabibu kuweza kuuondoa. Hapo ndipo ilipoanza kazi yake iliyomfanya ajulikane. Mwaka 1275 wa Hijra, ambao ulianza katika mwaka 1858 wa Kizungu, alimtungia Mwana Hashima utendi. Binti alikuwa angali kijana, mwenye umri wa kukaribia kuwa na nyumba yake. Baba hayupo. Mama anajiona kwamba huenda asiishi mpaka siku ya kumfikisha mwanawe kwa mumewe na kukaa naye siku zile za kwanza, kumfundisha kwa upole yale ambayo mama humfundisha binti. Je, afanyeje? Mali huliwa ikaisha, na mapambo huweza kuibwa. Basi akaamua kumpa maneno.

Utendi wenyewe unaanza kwa mama kumwita binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwani ana jambo moyoni analotaka kumwambia. Tazameni mpango huu, ndugu zangu. Kitu cha kwanza ni ukaribu, kisha sauti, kisha ndipo wino. Karatasi haikuletwa ili ichukue mahali pa mama. Ililetwa ili ihifadhi yale ambayo sikio limekwisha kuyapokea. Kabla ya mawaidha anamhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Muhammad s.a.w., kisha anamtaka binti yake ayashike maneno haya kama mtu anavyoivaa hirizi asiivue. Anamwambia kwamba anamtungia kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Mama mjane hakuwa na hakika ya kumwachia kidani cha kweli. Akatunga hiki, ambacho mwizi hawezi kukivunja.

Hapa sina budi kusimama kidogo nieleze jinsi watu wa wakati ule walivyosoma, kwani asiyelijua jambo hili hataelewa vema thamani ya kazi ya Mwana Kupona. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zina alama tatu tu za irabu, yaani fataha, kasra na dhuma, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo katika maandishi ya kale sauti za e na i mara nyingi zilikuwa na alama moja, na o na u vivyo hivyo. Tena Kiarabu hakina p, wala ch, wala v, kwa hiyo waandishi wengi wa zamani waliazima herufi za jirani, b ikasimama mahali pa p, na f mahali pa v. Na ile m au n inayotangulia b au d mara nyingi haikuandikwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba neno moja lililoandikwa liliweza kusomwa kwa namna mbili au tatu. Mtu aliyeketi peke yake na karatasi ya utendi mbele yake, asiyepata kuusikia ukisomwa na mwenye kuujua, alikuwa na kazi ngumu kweli kweli. Hati ilikuwa ukumbusho wa sauti. Mwanafunzi alisikia kwanza, tena na tena, ndipo akatazama maandishi na kuyatambua kama mtu anayemtambua rafiki yake njiani.

Kwa sababu hiyo watunzi wa tendi waliwasaidia wasikilizaji wao kwa vina na mizani. Kila ubeti wa utendi una mishororo minne, na kila mshororo una mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, nacho hubadilika katika kila ubeti. Lakini kina cha mshororo wa nne hakibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Mtoto anayesomewa hungoja kile kina cha nne kama mtu anayengoja hatua ya mwisho ya ngazi. Msomaji akikosea, akapunguza mizani au akaruka mshororo, hata mtoto asiyejua herufi moja atainua kichwa. Mimi nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Ni njia ya kufundisha ambayo haihitaji ubao wala chaki, na inamfanya msikilizaji mwenyewe kuwa mkaguzi wa mwalimu.

Wala si ajabu kuwa Waislamu wa pwani waliipenda njia hii. Jina lenyewe la Kurani linatokana na kusoma, na neno la kwanza lililomshukia Mtume Mtukufu s.a.w. katika pango la Hira lilikuwa amri ya kusoma, hali yeye hakujua kusoma maandishi. Alipokea kwa sikio na akawapa watu kwa ulimi. Na baada ya kuwa yeye ndiye aliyeteremshiwa Kitabu, bado alimtaka sahaba wake Abdullah bin Masud amsomee, akasikiliza mpaka macho yake yakatiririka machozi. Basi kusomewa si jambo la watoto na wajinga peke yao, kama wanavyodhani wengine. Na kuhusu wanawake, inajulikana katika Hadithi kwamba bibi mmoja, Shifa binti Abdullah, alimfundisha kuandika Bibi Hafsa r.a., mkewe Mtume s.a.w.; na ni katika nyumba ya Bibi Hafsa ndimo zilimohifadhiwa kurasa za Kurani zilizokusanywa wakati wa Sayyidna Abu Bakr r.a. Mwana Kupona, alipomwita binti yake aje na wino, alikuwa akitembea katika njia iliyokwisha kukanyagwa.

Sasa tutazame aliyoyasema. Kwanza anamwagiza binti yake ashike dini, asiache faradhi, na sunna pia azitimize kadiri awezavyo. Kisha anamtaka awe na adabu na ulimi mwema, awe mkweli, asiwe mwenye kuingia katika ugomvi na masengenyo, asifuatane na wajinga wasiojua kujizuia. Halafu anamweleza kwamba mwanamke anahitaji radhi za watano: Mwenyezi Mungu, Mtume wake, baba, mama na mume. Kutoka hapo anaingia katika habari za nyumba, na sehemu hii ndiyo ndefu. Mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Akilala asiamshwe kwa kelele, bali apepewe. Nyumba ifagiliwe na ifukizwe udi. Mke ajipambe, asuke nywele, atie wanja na hina, avae maua ya asumini. Asitoke bila ya ruhusa, wala asisimame njiani kuzungumza.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wetu, hasa dada zetu waliosoma katika vyuo vya siku hizi, wanapofika hapa hukunja uso. Huona kwamba mama huyu amemtwika binti yake mzigo wote, na mume hakupewa hata robo. Sitawaficha kwamba mimi nami nimelifikiri jambo hili. Mtume s.a.w. alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake, akitia viraka nguo zake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake, na alifundisha kwamba mbora wa watu ni yule aliye mbora kwa mkewe. Hayo nayo yasomwe, tena yasomwe mbele ya wanaume. Lakini tumkumbuke aliyekuwa akizungumza na mahali alipokuwapo. Alikuwa mama akizungumza na binti, si kadhi akiandika sheria ya nchi. Kama angekuwa akimwandikia mwanawe wa kiume, bila shaka angeandika mengine. Hali kadhalika katika utendi huu kuna maneno juu ya watumwa, ambayo yanaonyesha desturi ya majumba makubwa ya zama zake; utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku pwani, jambo ambalo Unguja lilifanyika mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Beti hizo tunazisoma kama habari za zamani, hatuzifanyi kuwa mwongozo.

Nami naona kwamba nguvu ya mawaidha yale haimo katika maagizo, ila katika mahali pale ambapo mama anaacha kuagiza na kuanza kusimulia. Baada ya kusema mengi juu ya mume wa kesho wa binti yake, anamgeukia baba ya binti huyo. Anamwambia jinsi alivyoolewa na Bwana Mataka, jinsi walivyokaa kwa furaha na kicheko bila ya kuvunjiana heshima, na jinsi mauti yalipomfikia mume alivyotangaza radhi zake kwa mkewe. Anasema kwamba kila akimkumbuka hulia. Mtu yule ambaye katika vitabu vya historia ni adui mgumu wa Sayyid Said, hapa anatokea kuwa mume mpole aliyepumzika nyumbani kwake. Mwana Hashima alimpoteza baba akiwa mtoto. Katika beti hizi alirudishiwa baba yake. Hilo si jambo la kufundishwa kwa kanuni. Lilihitaji sauti ya mtu aliyekuwapo.

Kisha mama anamwelekeza binti yake kwa watu wengine: awapende maskini, asiwadharau wenye shida, awasalimu watu kwa uso mkunjufu. Mwisho anamwinulia Mola mikono. Anawaombea watoto wake na ndugu zake, anawaombea Waislamu, anajiombea afya, kwani ugonjwa umemchosha na waganga wameshindwa. Anajitaja kuwa ni mtu wa ugeni na huzuni. Anahesabu beti zake na kuandika mwaka. Na hapo hapo anafanya jambo moja la kushangaza: anawaita wanawake wote wausome utendi huo na wafahamu maana yake. Wasia ulioanza kwa binti mmoja aliyeketi karibu na mama yake ukafunguliwa mlango, ukawa wa kila binti.

Mwana Kupona hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki katika miaka ya 1860 au karibu yake, na ugonjwa wake ndio uliomchukua. Nao mji wa Siyu, ambao Sayyid Said hakuweza kuutia mkononi, ulishindwa katika siku za mwanawe Sayyid Majid.

Lakini utendi haukushindwa. Wanawake wa Lamu na visiwa vyake waliwasomea mabinti zao, na mabinti waliokuwa hawajui hati waliuhifadhi kwa moyo. Wasichana walifundishwa beti hizi kama walivyofundishwa kushona kofia na kupika. Wanakili nao walifanya kazi yao. Katika mwaka 1934 bibi mmoja mtaalamu wa Kiingereza, Alice Werner, pamoja na William Hichens, waliupiga chapa pamoja na tafsiri, na mwaka 1971 J. W. T. Allen akautia katika kitabu chake cha tendi sita. Kwa kazi hiyo ya kalamu sote tunashukuru. Hata hivyo tusisahau kwamba ilipita miaka mingi kabla ya utendi huu kufika katika mtambo wa chapa, na katika miaka hiyo yote waliouhifadhi walikuwa waandishi wachache wa mkono, na vinywa vingi vya akina mama.

Sasa nirudi Mtinko, kama nilivyoahidi.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, nilizoea kusoma kimya, tena upesi, na nilijivunia jambo hilo. Nilipoletwa kufundisha Mtinko, kijiji kilichoko kaskazini ya mji wa Singida, nilikuja na maboksi ya vitabu. Watu wachache walikuwa wamejiunga nasi karibuni, na wengine walikuwa wakiuliza maswali. Nikampa kila mmoja kijitabu, nikamwambia asome na kunirudia na maswali zaidi. Hakuna aliyerudi. Baada ya miezi mitatu hivi nikamtembelea mama mmoja mjane nyumbani kwake, wakati wa kupura mtama, nikauliza habari za kijitabu. Akafungua sanduku, akatoa khanga iliyokunjwa, akaikunjua taratibu, na ndani yake kijitabu kikawa safi kama siku nilipompa. Alikuwa amekiheshimu kuliko nilivyokiheshimu mimi mwenyewe. Ila hakujua kusoma. Na mwanawe wa darasa la tano aliweza kuzitamka herufi, lakini aliyoyatamka hakuyafahamu sana, kwa kuwa Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya shule na nyumbani walizungumza Kinyaturu. Niliona haya. Nilikuwa nimegawa chakula kibichi kwa watu wasio na moto.

Tangu juma lile tukaanza kusomeana baada ya sala ya Magharibi, mara mbili kwa juma. Usiku wa kwanza nilikosea tena: nilisoma karibu saa nzima bila ya kupumzika, watoto wakalala mmoja mmoja, na mzee mmoja akaanza kukohoa kikohozi ambacho nadhani hakikutoka kifuani. Nikajifunza kusoma kidogo, kusimama, kumwomba mtoto mmoja amweleze bibi yake kwa Kinyaturu yaliyosomwa, na kumsikiliza bibi akiuliza. Maswali yale ambayo nilikuwa nikiyangoja kwa miezi mitatu yakaja kwa wingi mpaka taa ikafifia.

Usiku mmoja nilileta utendi wa Mwana Kupona. Niliogopa kwamba lugha ya visiwani itawashinda, kwa sababu watu wa Lamu husema mato wakiwa na maana ya macho, na ndia wakiwa na maana ya njia, na maneno mengine mengi ya namna hiyo. Nikachagua beti kumi tu, nikazisoma polepole, nikazieleza, nikazisoma mara ya pili. Mara ya pili watoto walikuwa tayari wakinisaidia kile kina cha nne. Wanaume walicheka waliposikia habari ya mume kutunzwa kama mtoto mchanga. Wanawake hawakucheka sana. Nikawaeleza kwamba siku nyingine tutasoma wajibu wa mume, na nikatimiza, na usiku huo vicheko vilihama upande.

Yule mama mjane mwenye khanga hakusema neno lolote mpaka watu walipoanza kuondoka. Ndipo akaniuliza kama mama yule wa Siyu alipona. Nikamwambia kwamba hakupona, aliishi miaka michache tu. Akauliza kama binti aliolewa kabla mama hajafa. Swali hilo sikuweza kulijibu. Akanyamaza, akawaita watoto wake, akaenda zake.

Juma la pili alikuja na binti yake mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa katika mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Mtoto alikuwa na daftari. Kwa siku kadhaa jioni, baada ya kazi, mama alikuwa akisema kwa Kinyaturu na binti akiandika kwa Kiswahili, akifuta, akiandika tena. Hapakuwa na vina wala mizani. Palikuwa na habari za shamba lililonunuliwa na marehemu baba yao na mipaka yake, namna ya kuwasalimu ndugu wa upande wa baba, sala, kutowacheka wagonjwa, na jinsi baba yao alivyokuwa akirudi kutoka mnadani na kuwaita kwa mbali kabla hajaonekana. Mtoto akasimama mbele ya watu, daftari mkononi, akasoma yote kwa sauti. Mama yake, asiyejua herufi hata moja, alimsimamisha mahali pawili, kwa kuwa binti alikuwa ameruka.